Picha haienei kwenye kompyuta? Tafadhali usiipunguze

Wiki mbili nimekuwa kimya na sababu ni picha. Si za harusi. Ni picha za slaidi za hadubini, vile vioo ambavyo maabara hubandika kipande chembamba cha nyama ya mgonjwa na kukipaka rangi ili mtaalamu wa patholojia atazame kama kuna saratani. Siku hizi kuna skana zinazopiga picha kioo kizima kwa ukuzaji wa mara 40 na kukupa faili moja. Faili hiyo, jamani, ni balaa.

Hebu tupige hesabu. Kwa ukuzaji huo pikseli moja ni karibu robo ya maikromita. Kipande cha milimita 15 kwa 15 kinakuwa pikseli 60,000 kwa 60,000, yaani bilioni 3.6. Kila pikseli ina baiti tatu za rangi, kwa hiyo kuifungua yote kunataka RAM ya gigabaiti 10.8. Na hicho ni kidogo. Kwenye Camelyon16, mkusanyiko wa picha 400 za tezi za limfu uliotolewa Uholanzi, kuna picha za pikseli karibu 98,000 kwa 221,000. Hiyo ni gigabaiti 65 ukiifungua. Laptopu yangu ina RAM ya 8, na nusu yake imeshaliwa na kivinjari.

Sasa nikiri kosa. Dada mmoja anayesoma shahada ya uzamili aliniomba nimsaidie kuhesabu seli kwenye slaidi za uvimbe wa titi. Alikuja kwangu hapa Kawangware 56 na diski ya nje (flashi yake ilikuwa FAT32, haikubali faili inayozidi gigabaiti 4). Nikajaribu ImageJ, programu ninayoipenda tangu chuo. Lakini ImageJ imeandikwa kwa Java, na safu moja ya Java haiwezi kuzidi vipengele 2,147,483,647. Hata ukinunua RAM ya kujaza chumba, picha moja ya pikseli bilioni 3.6 haiingii.

Basi nikafanya wanachofanya wengi. Nikatoa nakala iliyopunguzwa mara nane kila upande, nikaihifadhi kama JPEG, programu ikahesabu, nikamtumia jedwali. Nikajiona fundi.

Yeye hakuridhika. Akachukua mraba mmoja wa picha ya asili akahesabu kwa macho, na jedwali langu halikufika hata nusu yake. Ukifikiria, ni wazi. Kiini cha seli cha maikromita 7 kina pikseli 28 hivi kwenye picha kamili. Ukipunguza mara nane kinabaki na tatu na nusu, na viini viwili vilivyogusana vinakuwa doa moja. Seli za uvimbe mara nyingi hubanana, kwa hiyo nilipunguza hesabu zaidi pale pale penye ugonjwa. Juu ya hayo, JPEG yangu ilikuwa imetupa kipimo cha pikseli, kwa hiyo programu haikujua maikromita ni nini. Na lile jedwali alikuwa ameshaliweka kwenye rasimu aliyompelekea msimamizi wake.

Maoni yangu, na sitabadilisha: kupunguza picha ili ienee na kisha kutoa takwimu kana kwamba ni za picha ya asili ni kudanganya, hata kama hukukusudia. Tena hakuna haja. Faili hizi kwa kawaida ni piramidi: ndani yake kuna picha kamili na nakala ndogo zaidi na zaidi, kila moja imekatwa vigae vya pikseli 256 au 512. Ni kama ramani ya kwenye simu. Ukiangalia Kawangware simu haipakui Kenya nzima. Mwaka 2009 vijana wa Map Kibera walitembea na GPS kwa sababu kwenye ramani za umma Kibera ilikuwa karibu doa tupu. Chukua ramani yao uipunguze mpaka vichochoro vipotee, umerudi kwenye doa.

Kwa hiyo tumia nakala ndogo kutafuta nyama iko wapi (sehemu kubwa ya kioo ni weupe mtupu), kisha hesabu kigae kwa kigae kwenye picha kamili. QuPath, programu huria iliyoanzishwa na Pete Bankhead huko Belfast, inafanya hivyo, na 8 zangu zinatosha. Mimi niliandika pia hati ya Python juu ya OpenSlide, kwa sababu nataka kila kigae kikimaliza kiandikwe papo hapo kwenye SQLite. Hapa 56 stima huondoka bila kuaga, na sitaki kuanza upya. Angalizo: vigae vipishane kidogo pembeni, na seli ihesabiwe tu kwenye kigae ambacho kitovu chake kimo, la sivyo za mpakani zitakatwa au zitahesabiwa mara mbili.

Najua kuna atakayesema weka yote kwenye wingu. Kwa bando la nani? Halafu faili nyingi za slaidi hubeba pia picha ya lebo ya kioo, na kwenye lebo mara nyingine kuna jina la mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Watu wanapakia faili hizi kwenye seva za ng'ambo bila hata kufungua lebo kuona. Toeni lebo kwanza, ndipo tubishane kuhusu wingu.

Kazi ya kurudia ilichukua siku tatu, mchana na usiku. Jumapili nilimtumia dada jedwali jipya pamoja na barua ya kumweleza msimamizi wake kwamba hesabu za kwanza zilikuwa kosa langu. Msimamizi bado hajajibu.