Kabla ya Kitanda cha Mahututi: Chanjo ya RSV na Watoto wa Roret

Mtoto mchanga anapofariki kwa kukosa nafasi katika chumba cha wagonjwa mahututi, mjadala huangukia idadi ya vitanda. Wakazi huuliza kaunti ina vingapi, wanasiasa huahidi vingine, na mambo huishia hapo. Swali hilo ni la haki. Lakini kwa mtoto wa wiki sita aliyezaliwa Roret, katika vilima vya majani chai vya Bureti, ambaye virusi vya RSV vimeshuka hadi mapafuni, kitanda hicho ni kinga ya mwisho, iliyo mbali na ya gharama kuliko zote. Ninashikilia kwamba shilingi ya kwanza ya umma inapaswa kumfikia akiwa bado tumboni, kupitia chanjo ya mama yake, na ya pili imfikie Roret kwenyewe, kwa oksijeni. Kitanda cha mahututi kije nyuma ya hizo mbili.

RSV haina jina vijijini, ingawa karibu kila mtoto huipata kabla ya kutimiza miaka 2. Kwa mtoto wa darasa la kwanza ni mafua ya siku chache. Kwa mchanga ni jambo jingine, kwa sababu vijia vya hewa ndani ya mapafu yake ni vyembamba mno na uvimbe kidogo pamoja na makamasi huviziba. Anapumua mbiombio, mbavu zinadidimia kila avutapo pumzi, anaacha titi kwa kuwa hawezi kunyonya na kupumua kwa wakati mmoja, na wale wadogo zaidi huweza kuacha kupumua kabisa kwa sekunde kadhaa. Antibiotiki haziui virusi. Hospitali humpa oksijeni, maziwa kwa mpira wa puani na, hali ikizidi, mashine ya kumsaidia kupumua, kisha husubiri mwili wake ushinde wenyewe. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 RSV iliua zaidi ya watoto 100,000 wa chini ya miaka 5 duniani, karibu nusu yao hawajafikisha miezi 6, na asilimia 97 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hiyo asilimia 97 ndiyo kiini cha hoja yangu. Virusi hivi hivi hujaza wodi za watoto London kila majira ya baridi, na karibu watoto wote wanarudi nyumbani.

Kenya haiwezi kusema haikujua. Kwa zaidi ya miaka 20 wanasayansi wa KEMRI na Wellcome Trust wamefuatilia RSV huko Kilifi kwa kina ambacho nchi nyingi tajiri hazijakifikia. Kilifi ilikuwa pia miongoni mwa vituo vya utafiti mkubwa wa nimonia kali katika nchi 7 za Afrika na Asia, uliochapishwa mwaka 2019. Miongoni mwa watoto wasio na virusi vya Ukimwi, RSV peke yake ilichangia takriban asilimia 31 ya nimonia hiyo, kuliko kijidudu kingine chochote. Matokeo hayo yana sababu njema: chanjo dhidi ya bakteria wa nimonia, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2011, imewapunguza maadui wa zamani, na sasa virusi vimebaki mbele. Utafiti mwingine wa Kilifi uliingia majumbani, ukachukua vipimo vya pua za familia nzima tena na tena, na ukaonyesha kwamba mchanga huambukizwa mara nyingi nyumbani kwao, hasa na kaka au dada anayesoma shule. Atakayesema Kilifi ni joto na Roret ni baridi anasema kweli, ila baridi haimfai mchanga. Mvua ikinyesha Kericho, watoto wote hukusanyika jikoni karibu na moto wa kuni, na yule mdogo huwa mapajani mwa mmoja wao.

Sasa tukitazame kitanda chenyewe. Kuanzia mwaka 2015 serikali ya taifa ilikodisha mitambo ya kisasa kwa hospitali mbili katika kila kaunti, na baadhi zilipewa vifaa vya wagonjwa mahututi. Kamati ya Seneti ilipochunguza mpango huo, ikatoa ripoti mwaka 2020, ilibainika kwamba mahali pengine mitambo ililala bure kwa kukosa wataalamu, umeme au maji. Mashine ya kupumulia haimhudumii mtoto. Muuguzi ndiye anayemhudumia. Lazima avute makamasi kwa mpira, ageuze kichwa, apime mkojo, arekebishe kasi ya hewa usiku kucha. Utafiti katika wodi za watoto wachanga Nairobi ulikuta muuguzi mmoja wa hospitali ya umma akiwa na watoto zaidi ya 10, na sehemu kubwa ya kazi iliyopaswa kufanywa haikufanywa. Kama hali ni hiyo katika mji mkuu, kaunti ikinunua vitanda vitano vipya bila wauguzi wa kuvisimamia itakuwa imenunua samani.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye bajeti, nayo huangukia familia. Mtoto akitolewa Roret kupelekwa Kapkatet, kisha Kericho, au Tenwek upande wa Bomet, au mbali zaidi Eldoret, nyumba nzima huhama naye. Mama hukamua maziwa kila saa chache na kuyapeleka kwa kikombe, huku akimwona mwanawe amefungwa mipira na haruhusiwi kumbeba. Huko nyumbani majani ya chai hayangoji. Yasipochumwa kwa wakati hukomaa yakakataliwa kituoni, na fedha zinazopotea ni zile zile zilizotakiwa kulipia matibabu. Baba hugawanyika kati ya shamba, watoto wengine na wodi, na jamaa huanza kuchangisha kwa simu. Bima ya afya ya umma, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inaweza kulipia siku za wodini, lakini hailipi nauli wala chakula cha mama. Wazazi katika hali hiyo huhitaji mambo ambayo hayana bei kubwa: mama apewe mahali pa kulala ndani ya hospitali, daktari azungumze naye kila siku kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kumgusa mtoto na kumlaza kifuani mara tu hali inaporuhusu, na aambiwe wazi kwamba hakufanya kosa. Wodi inayomfungia mama nje ili kudumisha utaratibu inamnyima mgonjwa muuguzi wake wa kwanza. Napenda kuona hayo yakitekelezwa kesho. Hata yakitekelezwa, mateso haya kwa sehemu kubwa sasa yanazuilika, na hapo ndipo uzito wa jambo ulipo.

Kuzuia RSV kulichukua muda mrefu. Chanjo ya kwanza, iliyojaribiwa kwa watoto wachanga Marekani katika miaka ya 1960, iliwafanya waugue vibaya zaidi walipoambukizwa, na wawili wakafa. Funzo hilo liliwafanya wanasayansi wawe waangalifu kwa nusu karne, hadi mwaka 2013 umbo la protini ambayo virusi hutumia kuingia kwenye seli lilipoeleweka vyema. Njia iliyofuata ni ya kumpitia mama: anachanjwa mimba ikiwa imekua, mwili wake unatengeneza kingamwili, nazo zinavuka kondo na kumlinda mtoto katika miezi yake ya hatari. Jaribio lililohusisha wanawake zaidi ya 7,000 katika nchi 18, Afrika Kusini na Gambia zikiwemo, lilichapishwa mwaka 2023. Ugonjwa mkali wa mapafu ulipungua kwa takriban asilimia 82 katika siku 90 za mwanzo, na asilimia 69 hadi siku 180. Machi 2025 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha chanjo hiyo kwa ununuzi wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, na linashauri itolewe kuanzia wiki ya 28 ya mimba. Mpangilio huo unatufaa sana. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022, asilimia 98 ya wajawazito Kenya walihudumiwa kliniki na mtaalamu angalau mara moja, na asilimia 66 walifika mara nne au zaidi. Wengi huanza kliniki wakiwa wamechelewa, jambo linalowasikitisha wakunga kila siku, lakini kwa chanjo ya miezi mitatu ya mwisho aliyechelewa bado yumo ndani ya muda.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fedha, na silichukulii kirahisi. Katikati ya mwaka 2025 vituo vingi nchini vilikosa chanjo ya kifua kikuu na ya polio. Mwaka huo huo Marekani ilitangaza kuacha kuichangia Gavi, shirika linalosaidia nchi maskini kupata chanjo, nayo Kenya imo katika kipindi cha kuondoka polepole kwenye msaada wa Gavi na kujilipia chanjo zake zote. Mtu atauliza kwa haki: serikali inayoishiwa chanjo za zamani itaongezaje mpya? Jibu langu ni kwamba fedha za RSV tayari zinatumika. Zinatumika katika rufaa, mitungi ya oksijeni, siku za wodini na mashamba yaliyoachwa, ila hazijumlishwi mahali pamoja kwa kuwa nyingi hutoka mfukoni mwa mkulima. Pingamizi la pili ni hofu kuhusu usalama. Katika jaribio lile la nchi 18, idadi ya waliojifungua kabla ya wakati ilikuwa juu kidogo kwa waliochanjwa, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa thabiti, na kampuni nyingine ilisimamisha chanjo yake mwaka 2022 kwa wasiwasi wa aina hiyo. Kungoja hadi wiki ya 28, na Marekani hadi ya 32, kunatokana na tahadhari hiyo. Wajawazito waelezwe hili bila kufichwa. Tunakumbuka mwaka 2014, maaskofu wa Kanisa Katoliki walipodai kwamba chanjo ya pepopunda imechanganywa na homoni ya kuzuia uzazi, madai ambayo Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliyakanusha. Kanusho hilo lililotoka Nairobi halikutosha kuwatuliza wote. Katika vijiji vya Bureti mkunga, mchungaji na mhudumu wa afya ya jamii ndio watakaoulizwa, kwa hiyo wao ndio wafundishwe kwanza.

Chanjo haitawafikia wote. Mtoto njiti anayezaliwa kabla kingamwili hazijavuka, au ambaye mama yake hakufika kliniki, bado ataugua. Kwa ajili yake hospitali ya Roret iwe na kifaa kidogo cha kupima oksijeni ya damu kinachomtosha mchanga, mashine ya oksijeni yenye umeme wa akiba, na wauguzi waliozoea kutumia CPAP ile rahisi inayosukuma hewa kupitia chupa ya maji. Vifaa hivyo humfaa pia mtoto mwenye nimonia ya bakteria, au aliyezaliwa amechoka, kwa hiyo kaunti haina sababu ya kungoja uamuzi wa taifa. Uamuzi wa chanjo unaihusu Wizara ya Afya na kamati yake ya kitaalamu, KENITAG. Kamati itoe ushauri wake hadharani, ikiweka bei ya kumchanja kila mjamzito kando ya gharama ya kuwatibu watoto ambao hawakukingwa, na ifanye hivyo kabla wabunge hawajaketi kupitisha bajeti ya Juni.