Stika ya "Zusha!" irudi, safari hii iseme simu

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: zile stika za "Zusha!" kwenye matatu zilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, uliowahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha ovyo. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha madai ya bima yakipungua kwa robo hadi theluthi. Karatasi tu, na sauti zetu!

Leo balaa ni simu. Kutoka Kericho kwenda Bomet kupitia Litein, dereva ana mkono mmoja kwenye usukani, kidole gumba kinaandika ujumbe, na wachumaji chai wanatembea ukingoni kwenye ukungu. Sisi abiria tunatazamana, kimya. Msiba wa ajali ya barabarani ya Londiani, Juni 30, 2023, sisemi uliletwa na simu, lakini zaidi ya watu 50 walikufa, wakiwemo wachuuzi na wapita njia.

Chuo Kikuu cha Kabianga kiko papa hapa. Kikae na sako za matatu na waendesha boda boda, watunge stika kwa Kiswahili na Kipsigis, kisha wapime matokeo. Nanyi abiria wenzangu, dereva akishika simu, mwambieni aiweke chini.