Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya: Pimeni Muda, Si Megabiti Pekee

Mkurugenzi Mkuu,

Katika Tekken, mchezo wa video wa kupigana, ngumi nyepesi kabisa huchukua fremu 10 tangu kitufe kibonyezwe hadi imfikie mpinzani. Mchezo wenyewe huenda kwa fremu 60 kila sekunde, kwa hiyo ngumi hiyo ni kama milisekunde 167. Mtandao ukichelewesha ujumbe kwa milisekunde 100, fremu sita zimeshaliwa kabla mpinzani hajaona chochote. Anajikinga na ngumi iliyokwisha kumpata. Mchezaji mwenye kipaji hushindwa hivyo hata kama analipia faiba ya bei ya juu.

Kenya ina haki ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya nje mwaka 2018 kwa ustadi wake wa Tekken 7. Wanaotaka kufuata njia yake wanafanyia mazoezi mtandaoni, na mazoezi ya kukwamakwama humfundisha mtu mkono usiofaa siku ya mashindano.

Matangazo ya watoa huduma huuza megabiti. Lakini mechi ya mtandaoni hutumia data kidogo, mara nyingi chini ya megabiti moja kwa sekunde. Kinachoamua ni muda wa pakiti kwenda na kurudi, ule ambao wachezaji huuita pingi. Pia kuyumba kwa muda huo, na pakiti zinazopotea njiani. Mtu anaweza kununua megabiti 100 na bado akaganda katikati ya mechi.

Sehemu ya ucheleweshaji haina dawa. Mwanga ndani ya faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, maana yake kila kilomita 1,000 za njia hugharimu milisekunde 10 kwenda na kurudi. Pakiti inayotoka Nairobi kwenda London kupitia Mombasa, Bahari ya Shamu, Misri na Mediterania inavuka milisekunde 100 hata kama hakuna aliyekosea popote. Kwa hilo, hakuna wa kulaumiwa.

Ila Tekken, kama michezo mingi ya kupigana, huwaunganisha wachezaji wawili moja kwa moja. Kati ya Nairobi na Mombasa hakufiki kilomita 500. Faiba yenyewe inadai milisekunde kama tano tu kwenda na kurudi. Pakiti za Wakenya wawili zikipelekwa Ulaya kwa sababu kampuni zao hazibadilishani data nyumbani, huo ni uamuzi wa watu, na watu wanaweza kuubadilisha.

Mamlaka inalijua somo hili kuliko taasisi nyingi Afrika. Kituo cha kubadilishana data cha KIXP kilianza Nairobi mwishoni mwa mwaka 2000. Telkom Kenya ililalamika, na tume iliyoitangulia Mamlaka ikaamuru kifungwe kwa kukosa leseni. Baada ya mabishano marefu tume ikabadili msimamo, ikatoa leseni, na Februari 2002 KIXP ikafunguliwa tena. Ripoti ya Internet Society ya mwaka 2012 ilieleza matokeo: data ya ndani iliyokuwa ikichukua milisekunde 200 hadi 600 sasa ilichukua 2 hadi 10. Kufikia ripoti yao ya mwaka 2020, sehemu ya data ya Kenya inayobadilishwa nchini ilikuwa imepanda kutoka asilimia 30 hadi 70. Inastahili sifa kwamba msimamizi alisikiliza, akabadili uamuzi wake, na nchi nzima ikafaidika. Asilimia inayobaki nayo inahitaji msukumo huohuo.

Tatizo la pili limo sebuleni. Rauta nyingi huhifadhi pakiti nyingi kupita kiasi. Mtu mmoja nyumbani akianza kupakia video, pakiti ndogo za mchezo zinakaa nyuma ya shehena yote, kama mama mwenye kipande kimoja cha sabuni kwenye foleni ya wenye matoroli yaliyojaa. Pingi ya 20 inaruka hadi mamia. Dawa ipo tangu zamani: utaratibu uitwao FQ-CoDel, uliochapishwa kama RFC 8290 Januari 2018, hugawa foleni hiyo na kuzipa nafasi pakiti za matumizi madogo. Programu yake ni ya bure. Mamlaka tayari huidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla havijauzwa nchini, hivyo ina mlango wa kudai kwamba rauta wanazopewa wateja zije na utaratibu huo ukiwa umewashwa. Hatua hiyo ingemsaidia pia daktari anayeshauri kwa video na mwanafunzi aliye darasani mtandaoni.

Nyaya za baharini ni suala kubwa zaidi. Mei 2024, EASSy na Seacom zilipokatika karibu na Afrika Kusini, mtandao ulidorora Kenya na kwa majirani. Hata siku kama hiyo, mechi ya Nairobi na Mombasa ingepaswa kuendelea bila kutikisika, mradi pakiti zake hazitoki nchini.

Ombi ni hili, Mkurugenzi Mkuu. Katika ripoti za takwimu za kila robo mwaka, kila mtoa huduma aonyeshwe kwa jina: pingi yake hadi KIXP na hadi Mombasa, kuyumba kwake, na pakiti anazopoteza, vikipimwa kati ya saa moja na saa tano usiku, kaunti kwa kaunti. Vipimo vya saa nne asubuhi havimwambii mchezaji lolote. Takwimu hizo zikitoka, mteja wa Kisumu au Nyeri atachagua kampuni kwa kujua anachonunua, na kampuni inayokwepa kubadilishana data nyumbani italazimika kueleza sababu zake hadharani.

Wako mwaminifu,
Mwandishi