Dawa Iponyayo na Dawa Ileweshayo: Tutazifundishaje?

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tulikaa nyuma ya darasa la tano, tukimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha somo la madhara ya dawa za kulevya. Kwa vipimo tulivyovizoea, somo lilikwenda vizuri. Andalio lilikuwa kamili, ubao ulipangwa vema, na fuvu la kichwa lilichorwa kwa chaki nyekundu. Mwishoni watoto wote walisimama wakaitikia kwa sauti moja kwamba dawa huharibu ubongo, na kwamba azitumiaye atakuwa mwendawazimu. Mwanachuo yule tulimpa alama nzuri.

Wiki mbili baadaye mwalimu mkuu alituita pembeni. Miongoni mwa watoto wale alikuwamo msichana mwenye kifafa, ambaye kila jioni bibi yake humpa kidonge cha fenobabitoni kitokacho zahanati. Baada ya somo lile aliacha kukimeza. Alikificha chini ya ulimi, kisha akaenda kukitupa chooni, kwa kuwa hakutaka kuwa mwendawazimu. Siku kadhaa zikapita, naye akaanguka jikoni karibu na mafiga, mkono wake ukaungua. Bibi alipomwuliza, alijibu kwamba mwalimu amesema dawa zinaharibu ubongo.

Hatusimulii haya ili kumlaumu mwanachuo yule. Andalio lile tulilitia sahihi sisi wenyewe, wala hatukuona kosa ndani yake. Kosa lilikuwa la wakufunzi kabla halijawa la mwanafunzi wao. Ndiyo maana tumeona yafaa tulijadili hapa, mbele ya wale ambao karibu watapewa madarasa yao wenyewe.

Neno moja, mambo mengi

Lugha yetu imelipa neno “dawa” mzigo mkubwa. Tuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya hospitali, dawa ya mganga wa kienyeji, na dawa za kulevya. Mtu mzima huzitenganisha bila kufikiri. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hana uzoefu huo. Akisikia “dawa huharibu ubongo”, hukumbuka dawa aijuayo, nayo aghalabu ni ile iliyomo ndani ya kabati la nyumbani kwao.

Wako wenzetu wapendekezao kwamba tutumie neno “mihadarati” kwa vitu vya kulevya, na “dawa” libaki kwa vitu vya tiba. Pendekezo hilo ni jema, nasi tunaliunga mkono darasani. Lakini neno pekee halitoshi, kwa sababu mpaka wenyewe haupiti kati ya kitu na kitu. Heroini ilianza kuuzwa na kampuni ya Bayer ya Ujerumani mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi. Mofini, iliyo jamaa yake wa karibu, hadi leo huwapunguzia maumivu wagonjwa wa saratani. Na tangu mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imekuwa na kliniki ambako watu waliotekwa na heroini hupewa methadoni, ambayo nayo hukaa mahali pale pale ndani ya ubongo. Tofauti ni kwamba methadoni hunywewa kwa kipimo, mara moja kwa siku, mbele ya muuguzi. Hupanda polepole na kudumu, haimrushi mtu juu kisha ikambwaga.

Basi mwalimu atakayesema “kitu hiki ni kibaya, kile ni chema” atakuwa amesema nusu. Hana budi kueleza namna vitu hivi vifanyavyo kazi. Je, mtoto wa shule ya msingi anaweza kuelewa hayo? Tunaamini anaweza, iwapo mwalimu ameelewa kwanza.

Kazi ya ubongo kwa punje za mahindi

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na robo hivi, au kuzidi kidogo, na una chembe za neva zipatazo bilioni 86. Chembe hizo hazigusani kabisa. Baina ya moja na nyingine kuna mwanya mdogo mno. Habari ikifika kwenye mwanya, chembe ya kwanza humwaga kemikali, na chembe ya pili huipokea kwa vipokeo vyake. Kisha kemikali ile huvunjwa, au hurudishwa ilikotoka, ili mwanya uwe tayari kwa habari nyingine.

Jambo hili laweza kuonyeshwa uani bila gharama. Panga watoto safu mbili zinazotazamana, kwa umbali wa hatua moja. Safu ya kwanza ishike punje za mahindi, safu ya pili ishike vikombe. Punje ikirushwa na kuingia kikombeni, aliyeipokea anyanyue mkono: habari imefika. Mtoto mmoja azokote punje zilizoanguka na kuzirudisha kwa wenyewe. Hapo ubongo ni mzima, unafanya kazi.

Sasa mwite mtoto mwingine awe mirungi. Kazi yake ni kuwahimiza warushaji wamwage punje nyingi kwa pamoja. Mikono itanyanyuka ovyo. Ndivyo mlaji wa mirungi akosavyo usingizi na njaa, moyo ukaenda mbio, akaongea bila kituo. Lakini punje zitakwisha, na warushaji watasimama mikono mitupu. Huo ndio uchovu na huzuni ya siku ya pili. Mtoto wa tatu awe heroini, mwenye kokoto zinazofanana na punje. Atazitia vikombeni mwenyewe, na mikono itanyanyuka ingawa hakuna habari yoyote iliyotumwa. Vikombe vikijaa siku baada ya siku, wapokeaji huanza kuviweka chini vingine. Hapo mtumiaji huhitaji kokoto nyingi zaidi ili apate kile alichokipata mwanzo. Siku kokoto zikikosekana, punje za kawaida hazitoshi kwa vikombe vichache vilivyobaki, ndipo mwili mzima ukauma na kutetemeka.

Katika mchezo huu watoto huona jambo ambalo fuvu la chaki nyekundu halikuweza kuwaonyesha: mtumiaji hajawa mnyama wala shetani. Ubongo wake umejirekebisha kwa ajili ya mafuriko, na sasa hauwezi kuishi bila mafuriko hayo. Huona pia kwa nini mtoto yumo hatarini kuliko mtu mzima. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupima na kujizuia, huendelea kukua hadi miaka ya ishirini na kitu. Anayevuta bangi au kunusa gundi akiwa na miaka kumi na mitatu anaigusa nyumba ambayo bado inajengwa.

Dawa za hospitali nazo zimo mchezoni

Hatua ifuatayo ndiyo tuliyoisahau katika darasa lile. Mchezo ule ule hueleza dawa za maradhi ya akili na za kifafa.

Wako wagonjwa ambao katika baadhi ya sehemu za ubongo wao punje za dopamini humwagwa kupita kiasi, wakasikia sauti zisizokuwapo au wakaamini kwamba wanafuatwa. Mwaka 1952 madaktari Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, waliwapa wagonjwa wa namna hiyo klopromazini, na wengi wakatulia. Dawa hii, kama haloperidoli iliyofuata mwaka 1958, hufunika baadhi ya vikombe ili mafuriko yasifike yote. Lakini haiwezi kuchagua vikombe vya sauti pekee. Hufunika pia vile vya mwendo, ndiyo maana mgonjwa huweza kukakamaa au kutetemeka mikono. Jirani akimwona mama anayetetemeka husema kwamba ugonjwa umezidi au kwamba amerogwa, ilhali huenda ni kipimo cha dawa kinachohitaji kutazamwa upya na daktari. Mwalimu ajuaye hili atamsaidia mtoto wa mama huyo kuliko mahubiri kumi.

Kifafa si wazimu, wala hakiambukizwi kwa mate au povu. Katika kifafa chembe nyingi hurusha punje kwa wakati mmoja bila mpango. Fenobabitoni, iliyoanza kutumiwa mwaka 1912, huipa nguvu kemikali ya ubongo isemayo “tulieni”. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alipoanzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta wagonjwa waliotengwa, wakila peke yao kwa hofu ya mate yao. Walipopewa dawa hiyo kwa mfululizo, wengi walipata nafuu. Neno kubwa hapa ni “mfululizo”. Ubongo uliozoea sauti ya “tulieni”, sauti hiyo ikikatwa ghafla, huweza kulipuka kwa degedege kubwa kuliko lile la kwanza. Hayo ndiyo yaliyompata msichana wetu. Pombe nayo huipa nguvu kemikali ile ile, na kwa hiyo mtu akichanganya gongo na fenobabitoni, pumzi zake zaweza kupungua hadi zikakoma.

Mwalimu ajue pia kwamba mtoto atumiaye fenobabitoni huweza kusinzia darasani, na wengine huwa na utundu usiotulia. Tumewahi kuona watoto wa namna hiyo wakipigwa kwa uvivu au ukaidi. Walichohitaji ni barua fupi kwa mzazi na kwa zahanati, ieleze yale yaliyoonekana.

Hoja ya hofu

Wapo watakaotupinga. Watasema kwamba mtoto mdogo hawezi kubeba maelezo mengi, na kwamba hofu humlinda vizuri zaidi. Tunaiheshimu hoja hiyo, maana imetoka kwa walimu waliozika wanafunzi wao. Hata hivyo hofu ina maisha mafupi. Tukimwambia mtoto kwamba avutaye bangi huwa mwendawazimu papo hapo, naye akamwona kaka yake akivuta jioni na kesho akaenda kazini, hatatuamini tena, hata tutakapomweleza lililo kweli: kwamba bangi hudhoofisha kumbukumbu na umakini, na kwamba kwa vijana wengine huamsha maradhi ya akili. Mwalimu akikamatwa katika uongo mmoja, amepoteza na ukweli kumi aliokuwa nao.

Tena hofu haichagui wa kumpiga. Katika darasa la watoto hamsini, hofu ile haikumfikia mvulana aliyekuwa akinusa gundi nyuma ya soko. Ilimfikia msichana aliyekuwa akimeza kidonge chake kwa utiifu.

Yatupasayo

Tunapendekeza mambo machache. Kwanza, kila andalio la somo hili liwe na sentensi moja iliyoandikwa ubaoni na kusomwa na darasa zima: “Dawa niliyopewa na daktari siiachi wala siigawi bila daktari kusema.” Pili, mwanachuo amwulize mwalimu wa darasa, kwa siri na kabla ya somo, kama wamo watoto wanaotumia dawa za kila siku, ama wenye wazazi wagonjwa. Asiwataje mbele ya wenzao. Tatu, maneno “kichaa”, “mwehu” na “teja” yasitoke kinywani mwa mwalimu, hata kwa mzaha. Nne, mwalimu asijifanye daktari: asiongeze kipimo, asipunguze, wala asimshauri mzazi kuacha dawa ili ajaribu nyingine. Tano, kila mmoja wetu ajue la kufanya mtoto aangukapo kwa kifafa. Ondoa vitu vigumu vilivyo karibu naye, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimkandamize, tazama saa. Degedege likizidi dakika tano, apelekwe hospitali mara moja.

Nasi wakufunzi tuna letu. Tumezoea kuyapima maandalio kwa malengo, zana na hatua za somo. Yatupasa sasa tuongeze swali moja kabla ya kutia sahihi: ni mtoto gani atakayeumizwa na sentensi hii? Tungaliliuliza siku ile, somo lisingalichukua dakika nyingi zaidi.

Msichana yule alirudi shuleni mkono ukiwa na bandeji. Mwanachuo wetu aliomba ruhusa ya kulifundisha tena somo lake kabla mazoezi hayajaisha, na safari hii alikwenda uani na kikapu cha mahindi. Watoto walipoulizwa nani atakuwa fenobabitoni, yeye ndiye aliyenyosha mkono. Alisimama katikati ya safu mbili akawaambia warushaji, “Tulieni,” nao wakatulia. Jioni ile, bibi yake alituarifu, aliomba kidonge mwenyewe.