Rekodi haihesabiwi mpaka urudi

Bumu limeingia, watu wana bando za kutosha, na ubishi wa wiki hii huku hosteli umekuwa mmoja tu: pikipiki yenye spidi kuliko zote duniani ni ipi? Kuna waliosema Hayabusa, kuna waliosema Kawasaki, na jamaa mmoja wa mwaka wa kwanza akaapa kabisa kwamba ni Boxer ya mjomba wake wa Mto wa Mbu, hasa ikiwa inateremka. Sasa mimi ni mtu wa Karatu, na mdogo wangu anaendesha bodaboda pale pale mjini, kwa hiyo nina la kusema. Ila langu sio pikipiki ipi. Langu ni kwamba tunaisifia spidi kwa upande wake mdogo, ule mkubwa tunauacha.

Tuanze na ukweli wenyewe ili ubishi uishe. Rekodi ya dunia iliwekwa Septemba 25, 2010 kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah, Marekani. Aliyeendesha ni Rocky Robinson, chombo kinaitwa Ack Attack, na kasi ilikuwa kilomita 605.697 kwa saa. Imekaa zaidi ya miaka 10. Na ukikiona chombo chenyewe utabisha kwamba ni pikipiki. Ni kama kombora lililolazwa: ganda refu, tairi moja mbele na moja nyuma, na ndani kuna injini mbili za Hayabusa zenye turbo. Dereva analala humo ndani amefungwa mikanda, na akitaka kusimama anafungua parachuti. Kwa spidi ile, kutoka Makuyuni mpaka lango la Lodoare, ambako ni kama kilomita 77, ungetumia chini ya dakika nane. Kreta yote ya Ngorongoro ungeikatiza kwa dakika zisizofika mbili. Tembo hata hajageuza sikio.

Sasa hapa ndo penye utamu. Ukipita kwa spidi hiyo mara moja, hujaweka rekodi. Sheria ya FIM, lile shirikisho la kimataifa la michezo ya pikipiki, inataka ukimbie njia ile ile mara mbili, kwenda na kurudi, ndani ya saa mbili. Wanachukua wastani. Sababu ni rahisi: upepo ukikusukuma mgongoni wakati wa kwenda, utakupiga kifuani wakati wa kurudi. Mteremko nao vivyo hivyo. Kwa hiyo ile Boxer ya mjomba, samahani sana bwana mdogo, lazima ipande pia.

Mfano mzuri ni wa Septemba 2006. Rekodi ya Dave Campos ya kilomita 518 ilikuwa imekaa tangu 1990, miaka 16 mizima. Septemba 3 Rocky Robinson akaivunja, kilomita 551. Siku mbili tu baadaye Chris Carr naye akaivunja ya Robinson, kilomita 564. Lakini kwenye mashindano yale yale kulikuwa na mzee mmoja, Sam Wheeler, aliyepita kwa kilomita 571. Wa kasi kuliko wote wawili! Rekodi hakupata. Tairi la mbele liliharibika kwenye mbio ile ile, akashindwa kurudi. Alikwenda, hakurudi, haikuhesabiwa.

Nilipoisoma habari ya Wheeler niliwaza nyumbani moja kwa moja.

Wanaoijua barabara yetu wanajua. Ukitoka Mto wa Mbu unapanda ukuta wa Bonde la Ufa, unafika juu, halafu ni kupanda na kushuka Rhotia mpaka Karatu mjini, kisha unapanda tena kuelekea Lodoare. Lami nzuri, kona, mvua za masika, ukungu asubuhi. Ni pale Rhotia ambapo Mei 6, 2017 basi dogo la shule kutoka Arusha lilitumbukia korongoni, wakafa watoto 32, walimu 2 na dereva. Sitaki kuingia kwenye habari ya nini kilisababisha. Nasema tu kwamba sisi wa kule hatuhitaji kusimuliwa kuhusu ule mteremko.

Kwenye barabara hiyo hiyo, na kwenye ile ya vumbi ya kwenda Mang'ola kwenye vitunguu, ndiko vijana wetu wanakopiga kazi. Nikiwa likizo nawaona. Mwingine amepakia mishikaki, abiria wawili na mtoto katikati. Mwingine ana magunia mawili ya vitunguu. Akifika mteremkoni anaweka gia huru na kuzima injini ili aokoe mafuta, anaiacha ishuke yenyewe. Helmeti ipo, imening'inia kwenye usukani. Kijiweni wanahesabiana nani katoka wapi mpaka wapi kwa dakika ngapi.

Watu wazima wanawaambia "haraka haraka haina baraka". Jamani, methali hiyo wanaijua! Wameisoma darasa la tatu kama sisi. Nilimuuliza mdogo wangu kwa nini anakimbiza vile. Akanijibu, "Dada, tajiri anataka hesabu yake kila jioni. Mvua inyeshe, isinyeshe, elfu nane iwepo. Ikikosekana siku mbili tatu, pikipiki anapewa mwingine." Toa mafuta, toa hesabu, toa pancha, ndipo ule. Mwendo wake hauamuliwi na mkono wake wa kulia, unaamuliwa na ile elfu nane.

Na hapa ndo naona tofauti kubwa kati ya Bonneville na Karatu, wala sio ukubwa wa injini. Kule mtu mmoja anapanda chombo, lakini nyuma yake kuna kundi zima. Kuna aliyepima tairi, aliyekagua breki, aliyekunja parachuti. Kuna wa kupima upepo, kuna gari la wagonjwa limeshawashwa, kuna mtu mwenye redio ambaye kazi yake ni kusema "leo hapana". Mwaka 2014 na 2015 wiki nzima ya mashindano ya Bonneville ilifutwa kwa sababu uwanda ulikuwa na maji na chumvi haikuwa nzuri. Watu walikuwa wamejiandaa mwaka mzima, wakaambiwa hapana, wakarudi makwao. Mdogo wangu, siku ya mvua kubwa pale Rhotia, nani anamwambia leo hapana? Na akiambiwa, ile elfu nane anaitoa nani?

Nisieleweke vibaya, timu sio hirizi. Yule Sam Wheeler alifariki 2016 hapo hapo Bonneville, akiwa kwenye majaribio. Alikuwa na miaka 72. Kwa hiyo hata ukijiandaa vipi, spidi inaweza kukudai. Ila kama watu waliojiandaa namna ile bado wanakufa, anayeshuka Rhotia na tairi lililokwisha na ndala miguuni anategemea nini?

Msiseme pia kwamba ni habari ya pesa za Wazungu tu. Burt Munro alikuwa mzee wa kawaida kutoka New Zealand, mwenye pikipiki aina ya Indian ya mwaka 1920. Pistoni alikuwa anasubu mwenyewe kibandani kwake. Mwaka 1967, akiwa na miaka 68, akaweka rekodi ya daraja lake Bonneville, karibu kilomita 296 kwa saa. Wale waliotazama ile filamu yake ya 2005 wanamkumbuka. Mafundi wa namna hiyo Karatu tunao, wa kuchonga kipuri kutoka kwenye chuma chakavu na pikipiki ikawaka. Akili ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kumpa kijana muda wa kukagua kabla hajaondoka.

Kuna rafiki yangu, tena wa uhandisi, ana ndoto kwamba Ziwa Eyasi likikauka liwe Bonneville yetu. Tambarare, jeupe, pana. Nampenda kwa ndoto zake ila nampinga. Eyasi sio uwanja mtupu. Kuna Wahadzabe, kuna Wadatoga na ng'ombe wao, kuna ndege. Wenyewe waulizwe kwanza, sio sisi tuwapangie kutoka kwenye kimbweta. Na kusema kweli kitu tunachohitaji kutoka Bonneville sio chumvi. Ni ile sheria ya kurudi.

Mimi napendekeza haya. Moja, matajiri wa pikipiki wapokee hesabu kwa wiki, sio kwa siku, na siku ya mvua kubwa isihesabiwe. Pikipiki ikivunjika na wao wanapata hasara, kwa hiyo hata kwa faida yao wenyewe inalipa. Pili, kila kijiwe kiwe na fundi mmoja wa zamu asubuhi: tairi, breki, mnyororo, taa. Dakika tano tu. Kijiwe wana mwenyekiti na wana mchango wa kuzikana tayari, basi wachangie na huo wa kutozikana. Tatu, helmeti mbili, ya dereva na ya abiria, zivaliwe kichwani.

Nne ni yetu sisi wasomi. Nyie mnaopanda boda asubuhi ya pepa na kumwambia dereva "kaza bro, nimechelewa", nyie ndio mnampa spidi, halafu akianguka mnasema bodaboda hawana akili. Abiria naye ni timu. Ndiye mtu pekee aliyekaa karibu vya kutosha kusema "leo hapana, punguza".

Mwisho nicheke kidogo. Kule Laetoli, ndani ya eneo la Ngorongoro, kuna zile nyayo za miaka milioni 3.6 ambazo timu ya Mary Leakey ilizifukua mwishoni mwa miaka ya 1970. Wanatembea pamoja, polepole, na zote zinaelekea upande mmoja. Kwa sheria ya FIM hao nao hawapati rekodi! Lakini angalau hawakuwa na tajiri wa kumpelekea hesabu jioni.

Mdogo wangu nimeshamwambia: ukitaka kunitambia, usinitajie umefika Mang'ola kwa dakika ngapi. Nitajie umerudi mara ngapi.

Mnaonaje wadau? Hasa nyie wenye ndugu wenye pikipiki za hesabu, hiyo ya kwa wiki inawezekana au naota? Naomba kuwasilisha.