Karura Haihitaji Jumba la Vioo

Tarehe 8 Januari 1999, mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walikwenda msitu wa Karura kupanda miti. Walishambuliwa, naye akaondoka kichwa kinavuja damu, kwa sababu wakubwa walikuwa wameshaugawana msitu viwanja. Hekta 1,041 zimebaki ndani ya Nairobi kwa kuwa kuna watu waliokubali kupigwa. Siku hizi saruji ikitaka kuingia msitu wa mjini, haiji kwa jina la mnyakuzi. Huja ikijiita kituo cha wageni, rafiki wa mazingira.

Kituo chenyewe nakitaka. Watoto wa shule wakishuka kwenye basi wanahitaji choo safi, maji, kivuli, na mtu wa kuwafundisha kutofautisha mbega na kima. Ninachokipinga ni ile michoro ya ukuta mzima wa vioo, maegesho ya lami na taa za usiku kucha, halafu paneli chache za sola zinabandikwa juu ya paa ili jumba liitwe la kijani.

Vioo vya nini, jamani? Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hatua chache kusini mwa ikweta. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, upenu urefushwe, matundu yaachwe chini ya paa hewa ya moto ipate pa kutokea. Kiyoyozi hakitahitajika hata siku moja. Kioo kinachotazama magharibi hugeuza ukumbi tanuri kuanzia saa tisa alasiri. Na ndege akiona miti ndani ya kioo hujirusha kwa kasi yake yote, akaokotwa chini amekufa. Mtoto aliyekuja kumwona hai tutamwambia nini?

Tuje kwenye maji, maana hapa ndipo wasanifu wengi hukwepa hesabu. Paa la mita 500 za mraba likipata mvua ya milimita 900 kwa mwaka, hata moja ya tano ikipotea, zinabaki lita 360,000. Lakini masika huishia Mei, na vuli husubiriwa hadi Oktoba. Tangi lipimwe kwa miezi hiyo mikavu, si kwa kijinafasi kilichobaki nyuma ya jiko. Na mchoro usioonyesha maji ya chooni yanaishia wapi urudishwe kwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Mito inapita humo msituni, na wanaoishi inakoelekea mito hiyo ni binadamu.

Mbao zipo. Karura ina mikaratusi iliyopandwa, inayoondolewa ili miti ya asili irudi. Hiyo ndiyo ipasuliwe, itibiwe, ibebe paa. Mahali pia papo: langoni, kwenye ardhi ambayo magari yalishaishindilia, upande wa Barabara ya Kiambu zinakopita matatu. Asiye na gari ana haki ya kufika wa kwanza. Hakuna mti wa asili hata mmoja unaopaswa kuanguka ili mtu anywe kahawa akitazama miti.

Na kabla lori la kwanza la kokoto halijaingia, ramani na gharama zote zibandikwe langoni, kwa Kiswahili, miezi mitatu mizima, azisome anayekimbia humo asubuhi na anayeuza njugu nje ya lango. Wakizikataa, zichorwe upya.