Malezi Yana Ujira Wake

Wasomaji wetu wanaohudhuria maulidi kila Mfunguo Sita wanaijua vyema habari ya Bi Halima Saadia. Wanawake wa Bani Saad walishuka kutoka bara, mwaka wa ukame, wakaja Makka kutafuta watoto wa kunyonyesha kwa ujira. Kila aliyeonyeshwa yule yatima alimwepuka, kwani baba hayupo, na malipo yatatoka kwa nani? Halima naye hakumtaka mwanzoni. Alimchukua kwa kuwa hakupata mwingine. Habari hii twaisimulia kwa ajili ya baraka zilizofuata, na ni haki yetu, lakini ndani yake mna jambo tunaloliruka: malezi ya mtoto mchanga yalikuwa kazi yenye bei, na mtoto asiyekuwa na wa kumlipia ndiye aliyebakia mwisho.

Jambo hilo leo liko Isiolo.

Mji ule, tangu askari wa Kisomali walipopewa makazi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, umekuwa mlango wa kaskazini, kwa Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu. Maziwa ya ngamia huletwa kutoka malishoni, wanawake huyapokea, huyapima, huyatia katika madumu na kuyapakia kwenye basi la Nairobi ili yafike Eastleigh kabla ya kuharibika. Biashara ya maziwa haimngoji mtu. Mama huyu amwache wapi mtoto wa miaka miwili? Kwenye kijiji cha wafugaji swali hili halikuwa zito, kwani nyanya yupo, shangazi yupo, na jirani ni jamaa. Lakini mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo tangu mwisho wa 2020, mifugo ikafa, na wengi wakaja mjini bila ya nyanya wala shangazi.

Mwenye uwezo hulipa nasari ya mtu binafsi. Asiyekuwa nao humtumia bintiye. Hii ndiyo ada isiyoandikwa kwenye risiti yoyote: msichana wa miaka tisa ambebaye mdogo wake mgongoni wakati wenziwe wamo darasani. Serikali iliondoa ada za shule za msingi mwaka 2003, nasi tukashangilia. Ngazi iliyo chini yake ikaachiwa wazazi.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya elimu ya awali pamoja na vituo vya kulelea watoto. Mambo haya mawili yameandikwa pamoja. Tangu 2013 kaunti zimejenga madarasa na kuajiri walimu, wala hatukatai. Lakini darasa humpokea mtoto wa miaka minne, na mchana humrudisha kwao. Yule wa miaka miwili, na zile saa za alasiri, havina mwenyewe. Jengo lina utepe wa kukatwa na picha za kupigwa. Mlezi amfutaye mtoto kamasi hakuna ampigaye picha.

Wapo wazee watakaosema kuwa malezi ni ya mama, na mama halipwi. Basi nawarudie Suratut-Talaq waone jinsi baba anavyoamrishwa kumpa ujira wake mama aliyeachwa akawa anamnyonyeshea mtoto. Na katika Suratul-Baqara chakula na mavazi yao vimewekwa juu ya baba. Ikiwa mama mzazi ana ujira, mlezi wa kando ataukosaje? (Na kina baba ambao fedha zao huishia kwenye miraa wajihesabu wenyewe.)

Sisi wa pwani tuna mfano wa kuwapa ndugu zetu. Mwaka 1986, hapa Mombasa, Bi Swafiya Said, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, alianza kuunganisha chuo cha Kurani na nasari, mtoto apate dini na michezo na hesabu chini ya paa moja. Walimu walikuwa wanawake wa mtaani, wakafunzwa kazi. Mpango ukafika Unguja mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Palipouma daima ni mshahara wa mwalimu, kwani wazazi maskini wana kidogo cha kutoa, na mkono mtupu haulambwi.

Isiolo ina duksi zake, na watoto wadogo wamezizoea. Hapana haja ya kungoja jengo jipya kila mahali. Mlezi na aongezwe pale pale, abaki mpaka alasiri. Kaunti imlipe mshahara, na zaka zetu zimsaidie mtoto wa maskini apate uji wake.

Makadirio ya kaunti hupitishwa kabla ya mwisho wa Juni, na sheria yataka wananchi wasikizwe kwanza. Twaomba vikao hivyo visiwekwe asubuhi, saa za kupokea maziwa.